Kopo la Ugoro la Mzee Tluway

Katika miaka yangu yote ya uuguzi nimevunja bomba la sindano moja tu, na sijutii. Nyinyi wauguzi wa leo, mnaochana paketi, mnachoma, mnatupa, hamwezi kujua uzito wa maneno hayo. Mabomba yetu yalikuwa ya kioo. Tuliyachemsha kwenye sufuria juu ya mkaa, maana mafuta ya taa yalikuwa ya foleni, na sindano zikiwa butu tulizinoa kwenye jiwe kama visu vya jikoni. Muuguzi akivunja bomba aliitwa ofisini kwa metroni, akatoka huko analia. Mimi nilitoka nacheka. Nitawaambia kwa nini, ila mnivumilie, nikianza kusimulia huwa napita njia ya kuzunguka.

Kwanza niwaulize. Mgonjwa wa nyonga akilala kimya, hapigi kelele, hasumbui mtu, mnaandika nini kwenye faili lake? Mnaandika "hana maumivu". Msibishe, nimewaona. Mwaka ule mjukuu wangu alipolazwa nilipitia mafaili ya wodi nzima kwa macho kabla hawajanifukuza.

Siwalaumu, nami niliandika hivyo hivyo. Nilikuwa msichana niliyetoka Singida na cheti kipya, nikapangiwa hospitali moja ndogo hapa Babati. Jina lake tuliache, kosa lilikuwa langu. Kila mtu aliniita Sista. Kiswahili changu kilikuwa cha darasani, kimenyooka. Kiiraqw sikujua hata salamu. Kofia yangu niliipiga wanga wa muhogo mpaka ikasimama yenyewe. Na hapa kifuani nilibana kwa pini ufunguo wa kabati la DDA, lile la chuma lenye mlango ndani ya mlango, tunamoweka dawa kali za maumivu, mofini na pethidini. Nilikuwa na maringo, siwafichi. Nikitembea ule ufunguo unalia, nami naupenda mlio wake.

Hali ya nchi ilikuwa ngumu. Sabuni hakuna, tunafulia magadi. Watu wanakula unga wa njano, wenyewe waliuita yanga. Bandeji tunafua, tunaanika, tunakunja, tunafunga tena. Na pethidini ikija, inakuja kidogo, halafu hujui itakuja tena lini. Ilifika siku vichupa vyote vilivyobaki kabatini nikaweza kuvishika kwenye kiganja kimoja.

Ndipo akaletwa Mzee Tluway kutoka Nakwa. Alikuja kwenye mkokoteni wa ng'ombe, amelazwa juu ya mabua ya mahindi, na kila jiwe la njia ile mnalijua. Kwao ng'ombe walilala ndani ya nyumba, na maksai wake mmoja alimbana mlangoni asubuhi wakitolewa nje, akaanguka kwa ubavu. Picha ilionyesha mfupa wa paja umekatika juu kabisa, pale unapoingia kwenye nyonga. Alikuwa mrefu, mkavu, na ugoro chini ya mdomo. Ugoro wenyewe aliutunza kwenye kopo dogo la dawa ya viatu lililochakaa mpaka maandishi yamefutika. Siku ya kwanza alituambia jambo moja tu, mwanawe akitafsiri: nyumbani kwake ataingia kwa miguu yake. Wakimbeba kumpitisha mlangoni mwake, basi wajue wamemrudisha kumzika.

Ilimpasa kufanyiwa upasuaji na kuwekewa chuma. Daktari bingwa wa mifupa alikuwa akitoka mbali, kwa Landrova, na vyuma vyake kwenye sanduku la mbao. Lakini petroli haikuwepo. Tukamfunga mzee traksheni: plasta ndefu mguuni, kamba ikapita kwenye kigurudumu mwisho wa kitanda, na ng'ambo tukaning'iniza ndoo ndogo ya rangi iliyojaa mchanga. Mchanga tuliupima kwenye mizani ya duka la ushirika, na muuza duka akatuuliza kama siku hizi tunawalisha wagonjwa udongo. Mzee akakaa hivyo karibu mwezi mzima, mguu unavutwa, anamsubiri mtu wa petroli.

Mwanawe alirudi shambani kupanda, akamwacha mke wake amhudumie mzee. Zamani ndugu ndio walipika na kufua, sisi tulitoa dawa. Huyo mke, Mama Fabiano, alikuwa amemaliza darasa la saba, Kiswahili chake safi kuliko changu. Nikafurahi kweli kweli, nimepata mkalimani. Kila asubuhi nasimama miguuni pa kitanda namwambia amuulize baba kama anaumwa. Anauliza polepole, macho yameangalia ukutani. Mzee anajibu neno moja. Mama Fabiano ananigeukia: anasema hajambo.

Nami naandika. Hana maumivu. Kichupa kinabaki kabatini.

Kwenye kikao metroni alinisifu mbele ya wenzangu kwamba Sista anajua kubana dawa. Jamani, nililala na sifa ile kama nimevaa gauni jipya.

Halafu wakaja panya. Yaani mimi nilisema ni panya. Shuka la Mzee Tluway lilikutwa na matundu kwenye pindo, na blanketi lake, alilokuja nalo kutoka nyumbani, limetafunwa kona nzima. Shuka wakati ule lilikuwa mali! Nikatega mtego chini ya kitanda. Nikamsema Mama Fabiano kwa kuacha makombo ya ugali, nikamsema kwa sauti, wodi nzima ikasikia. Alichukua ufagio akafagia mahali pasipokuwa na kombo hata moja. Mtego haukukamata kitu.

Hatimaye Landrova ikafika. Daktari alimchoma mzee sindano ya ganzi mgongoni, akafanya kazi yake vizuri, chuma kikakaa. Kabla ya kuondoka alinishika bega akaniambia maneno niliyoyakariri: siku ya tatu mgonjwa huyu asimame. Akilala tu, kifua kitamjaa, nimonia itamchukua, na chuma changu kitakwenda naye kaburini. Aliandika pethidini, akaweka alama ya kwamba apewe akihitaji. Neno hilo "akihitaji" ndilo lililonimaliza. Nilimtuma Mama Fabiano amuulize kama anahitaji.

Siku ya pili mzee hakukubali kugeuzwa. Tukimgusa anakuwa mgumu kama ubao. Uji haunywi. Nikamwambia akohoe, akakohoa kwa midomo, kifua hakikutikisika. Nikaweka sikio mgongoni nikasikia vile vichembe vya maji vimeanza kulia huko chini. Nilijua maana yake. Nikatoka uani kwa kisingizio cha kuanua bandeji, na hofu imenijaa, maana kesho ilikuwa siku ya tatu.

Uani nilimkuta Mzee Hhando, mfuaji wetu. Hakuwa na cheti chochote. Alifua mashuka ya wodi zote kwa mikono yake kwenye karo la saruji, kiasi kwamba alijua nani ametokwa na damu na nani ameharisha kabla ya daktari. Mwalimu wangu wa pekee wa maumivu ni huyo, mengine niliyasoma tu. Akanikunjulia shuka la Mzee Tluway, akanionyesha pindo.

"Sista," akasema, "panya wa wodi yako anaweka ugoro mdomoni?"

Nikatazama. Kila tundu lilikuwa na doa la kahawia kuzunguka, na doa halikutoka hata kwa magadi. Akaniambia ameyaona madoa yale tangu wiki ya kwanza, akadhani sisi tunajua. Nikakaa kwenye ukingo wa karo.

Hhando alikausha mikono. Mwiraqw mzee kama Tluway, akaingia wodini, akamtuma Mama Fabiano kuchota maji bombani, akakaa kitandani bila kuniomba ruhusa. Wakachukua ugoro, kila mmoja kidogo. Wakaongea mambo ya mvua na ng'ombe, nadhani, maana walicheka mara moja. Mimi nimesimama dirishani najifanya napanga dawa. Baadaye Hhando akaja.

"Anaumwa tangu siku ile ya maksai," akasema. "Anasema wewe unamtuma mke wa mwanawe amuulize. Sasa ulitaka amjibu nini?"

Loo! Mimi nimelelewa kwetu, namjua baba mkwe ni nani. Mama yangu mzazi akikutana na baba mkwe wake njiani alikuwa anatoka barabarani anapita shambani. Halafu mimi, na kofia yangu ya wanga, nimemsimamisha mkwe kitandani mwezi mzima, kila asubuhi, amuulize mzee mambo ya mwili wake! Ndiyo maana alitazama ukuta. Na mzee, badala ya kuugua mbele ya mkwe, akaumia kimya na kutafuna blanketi. Nililia, tena nililia hadharani, na mgonjwa wa kitanda cha pili akaniambia pole Sista kana kwamba nimefiwa.

Sasa tungeulizaje? Mkwe hakuweza kuondoka, ndiye aliyempikia. Hhando naye ana mashuka yake. Wazee wawili wakapatana wenyewe, mimi nikaletewa uamuzi. Kopo la ugoro likiwa chini ya mto, nipite. Likiwa juu ya kabati dogo la pembeni, inauma lakini anaweza kusubiri. Likiwa kifuani, nije na sindano. Hakuna kuuliza, hakuna kujibu, heshima ya mtu imebaki mahali pake.

Nilipogeuka tu, kopo lilikuwa kifuani.

Sasa chukueni kalamu, hapa ndipo penye kazi. Kwanza nilihesabu pumzi zake, maana dawa hizi zikizidi zinalaza hata mapafu, kwa hiyo hesabu kabla ya kuchoma. Nikachoma. Halafu sikumgusa. Nilikwenda nikaosha vyombo vyangu, nikakunja bandeji za kikapu kizima, ndipo nikarudi. Ilikuwa kama nusu saa. Nikamgeuza, akageuka. Nikamwambia kohoa, akakohoa kutoka tumboni, akatema, na nikaupokea ule uchafu wa kifua kwa furaha ambayo mama yangu angenishangaa. Sindano kwanza, kumgusa baadaye. Wenzangu walikuwa wanafanya kinyume, wanamgeuza mgonjwa analia, kisha wanamchoma kumtuliza. Nami nilikuwa hivyo hivyo mpaka siku ile.

Halafu kuna choo. Mnacheka? Dawa inayofunga maumivu inafunga na choo, na mzee aliyevimba tumbo hasimami hata umpe malaika wamshike. Mapapai, maji, maharage yaliyoiva vizuri, anza siku ile ile ya sindano ya kwanza.

Na vichupa vyenyewe? Metroni aliogopa mambo mawili, kwamba vitaisha na kwamba mzee atazoea. Nilimjibu, kwa adabu lakini nilimjibu, kwamba nilivibania kabla ya upasuaji na faida yake ni mtu aliyekonda, asiyelala usingizi mwezi mzima, kaingia chumba cha upasuaji amechoka. Nikampigia mpango: viwili vitatu vya siku ngumu za kwanza vitolewe kwa saa, bila kumsubirisha mpaka atafune kitu, kisha nipunguze dozi, nirefushe muda, nimalizie na aspirini. Na ndivyo ilivyokwenda. Kopo lilishuka lenyewe kutoka kifuani likaenda kabatini, na kutoka kabatini likaenda chini ya mto. Vichupa viwili vilibaki.

Kuzoea kupo, msinielewe vibaya. Baadaye nilimpata dereva mmoja wa lori, nyonga yake imeoza kwa miaka, na kila mji aliopita alijua mtu wa kumchoma sindano kichochoroni. Akapasuliwa, tukampa dozi ya kawaida, ikawa kama tumempa maji. Wenzangu wakaanza kumwita mlevi. Nikakumbuka Mzee Tluway, nikasema hapana, nikakaa naye nikamuuliza bila ukali amechomwa nini, wapi, mara ngapi, tangu lini. Alipoona simkaripii akaniambia yote. Daktari akampandishia dozi, nikamlinda kwa kuhesabu pumzi, halafu tukamshusha taratibu kama mtu anayeshuka ngazi na mtoto mgongoni. Mwili wake ulikuwa umeizoea dawa kabla hajafika kwetu, ndiyo maana ile ndogo haikumfikia. Siku hizi nasikia wagonjwa wanakuja wametafuna tramado za dukani wiki nzima wanaficha. Waulizeni kabla ya kisu. Mkiuliza kwa sauti ya polisi watawaficha.

Narudi kwenye siku ya tatu. Asubuhi kopo likapanda kifuani. Mama Fabiano akachukua vyombo akaenda kuviosha, kama alivyokuwa akifanya siku zile, nami niliona ni bahati nzuri tu. Nikachoma, bomba nikaliweka kwenye trei juu ya kabati, nikaenda kukunja bandeji zangu. Niliporudi nilimwita Hhando ashike upande mmoja. Mzee akateremsha mguu mzima, kisha ule wa chuma. Akashika magongo. Akatazama dirishani, akapumua, akasimama.

Alisimama, wanangu! Mrefu, kichwa kinakaribia kamba ya chandarua, magoti yanatetemeka, uso umetulia. Nikarusha mikono juu kama mtu aliyefunga goli, kiwiko kikapiga trei, na bomba la kioo likalala sakafuni vipande vipande.

Metroni aliniita. Aliniuliza nimevunja halafu nacheka nini. Nikamwambia Tluway amesimama. Akaniangalia, akainuka, akaenda wodini kujionea, na bomba lile hakulitaja tena. Yule daktari wa mifupa alipokuja safari nyingine nilimsikia akiwaelekeza wenzake: nendeni mkamuulize Sista wa Babati jinsi ya kuwasimamisha wazee wa nyonga. Sifa ya kwanza, ile ya kubana dawa, nimeisahau kwa hiari yangu. Hii ya pili nitazikwa nayo, na mkinikatalia nitawarudia ndotoni.

Alitoka kwenye mwezi wa mavuno ya maharage. Ilikuwa siku yangu ya mapumziko, nikapanda nao mkokoteni mpaka Nakwa, nimefunga aspirini kwenye leso. Mkokoteni ulisimama mbali kidogo na nyumba kwa amri yake. Akashuka kwa magongo. Mwanawe alitaka kumshika kiwiko, akaangaliwa jicho moja tu, akarudi nyuma. Uwanja ule haukuwa mkubwa, lakini mimi niliuona mrefu kuliko barabara ya Arusha. Gongo, mguu, gongo, mguu. Mama Fabiano alitangulia jikoni, akainama kwenye mafiga, mgongo ametupa sisi, asimwone baba akiyumba.

Akafika mlangoni, ule ule wa maksai. Akainamisha kichwa, akapita.

Ndani akakaa kwenye kigoda chake, jasho linamtiririka. Nilitamani kumuuliza, mazoea ya kazi, nikafunga mdomo. Yeye akaingiza mkono kwenye koti, akatoa kopo la dawa ya viatu, akalitazama. Kisha akaliweka polepole kwenye kigoda cha pembeni, penye mwanga wa mlango. Kwenye kabati, nikasema moyoni. Inauma, lakini anaweza kusubiri.

Nikaanza kufungua leso yangu. Mama Fabiano akaniwahi. Aliingia na beseni la maji ya moto na kitambaa, akayaweka karibu na mguu ule, macho ameinamisha chini, hajamtazama mzee usoni. Alitazama kopo tu. Ndipo nikazielewa zile safari zake zote za kwenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

"Pole, baba," akasema.

 Mzee Tluway akajibu kwa Kiswahili, kile kidogo alichokuwa nacho.

"Asante, mama."